Kuchagua Mahali pa Kambi Karibu na Mji

Watu wengi hudhani ya kuwa mahali pa kambi huchaguliwa kwa macho. Mtu hupanda juu ya jabali, hutazama maji na miti, husema, "Hapa ni pazuri," na kazi imekwisha. Sisi nasi tulidhani hivyo, hata mwaka 2023 tukafundishwa vingine na mama mmoja wa kijiji chetu. Twaandika habari hii kwa ajili ya walimu, wazee wa kanisa na wazazi wenye nia ya kupeleka vijana kambini, ili kosa tulilolifanya sisi wasilifanye wao.

Shule yetu iko katika mbuga za Shinyanga, mahali pa mibuyu, pamba na ng'ombe, mbali na maji makubwa. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Viktoria huvutwa kwa mitambo kutoka Ihelele, wilaya ya Misungwi, yakaja kwa mabomba mpaka Shinyanga na Kahama. Basi watoto wetu wengi huyanywa maji ya ziwa kila siku, wala hawajaliona ziwa lenyewe. Siku moja, katika somo la jiografia, mtoto alituuliza, "Mwalimu, bomba linapoanza, ziwa linaishia wapi?" Darasa zima likacheka, lakini sisi hatukucheka. Tukaona ya kuwa yafaa tuwapeleke watoto hawa karibu na Mwanza, wapige hema, waone mji na ziwa, kisha warudi nyumbani na elimu isiyoandikwa ubaoni.

Tulipouliza mahali, tulisifiwa ufuko mmoja nje ya mji. Na kweli ulikuwa mzuri: mchanga safi, majabali makubwa yaliyopandana kama mizigo ya msafiri, na mitumbwi ya wavuvi ikipita asubuhi. Kituo cha mwisho cha daladala kilikuwa nyuma yetu mwendo wa saa mbili kwa miguu. Jambo hilo tulilihesabu kuwa baraka, maana tulisema, "Hapa hakuna atakayetusumbua." Tulikodi gari, likatushusha watoto 24 na walimu watatu, likarudi, na ahadi ilikuwa lije kutuchukua siku ya nne.

Usiku wa pili, yapata saa nne, binti mmoja wa darasa la tano alishikwa na homa kali. Akatapika, akatetemeka, na maneno yake yakawa si ya mtu mwenye fahamu zake. Simu haikushika mtandao ila mtu apande juu ya jabali. Na dereva wetu, alipopatikana, alikuwa mbali, hawezi kufika kabla ya mchana. Hapakuwa na nyumba karibu ila vibanda viwili vya wavuvi, nao wenyewe wamo ziwani. Tukachukua turubai la hema, tukalifunga katika miti miwili, tukamlaza mtoto juu yake. Mwalimu mmoja akabaki na watoto wengine, nasi wawili tukamchukua mgonjwa gizani. Tulifika barabarani baada ya saa nane za usiku, tukaketi ukingoni mwa njia tukiwa tumemfunika kwa makoti yetu, tukisikiliza kama litapita gari lo lote. Halikupita. Daladala ya kwanza ilikuja alfajiri. Hospitalini tuliambiwa ni malaria kali, na ya kuwa tungalichelewa tena kidogo, habari ingalikuwa nyingine. Mungu alimponya, baada ya siku nne alitoka kitandani.

Lakini habari iliyotuchoma zaidi ilikuwa ya mama yake. Tulimpigia simu alfajiri ile ile, naye akapanda basi la kwanza kutoka Shinyanga. Baada ya hapo simu zetu zote mbili zikazimika, kwa kuwa hatukuwa na mahali pa kuzichaji tangu siku ya kwanza. Mama huyu alilijua jina la ufuko tu. Akawauliza watu stendi, huyu akamwonyesha huku, yule akamwonyesha kule. Alasiri akafika mwisho wa daladala, na mwendesha bodaboda akamtajia bei asiyokuwa nayo. Akatembea kwa miguu. Alipofika kambini, jua limekuchwa, akaambiwa ya kuwa mtoto hayupo, yuko hospitali ya mjini, alikotoka yeye. Usiku ule alilala kambini bila kufumba macho, na kesho yake akarudi njia ile ile.

Alipotukuta kando ya kitanda cha mwanawe, hakupiga kelele. Alituamkia kwa heshima, kama desturi, kisha akasema, "Walimu, sina neno juu ya homa, homa hata nyumbani huja. Lakini mtoto wangu mlimweka mahali ambapo mimi mama yake siwezi kufika."

Hakuongeza neno, wala sisi hatukuwa na jibu.

Mwaka 2024 hatukupiga kambi. Hata mwanzo wa mwaka 2025 wazazi wenyewe, katika mkutano wa shule, waliuliza kama safari ile imekufa. Mwenzetu mmoja, mwalimu wa Geita, naye alikuwa ametuandikia kwamba shule yake yataka kuungana na yetu. Ndipo tulipokwenda nyumbani kwa mama yule, tukamwomba awe mmoja wa wachaguzi wa mahali. Alicheka, akasema, "Mimi najua nini habari za mahema?" Tukamjibu, "Mayu, habari za mahema tunazijua sisi. Wewe utatuambia kama unaweza kufika." Akanyamaza kitambo, akasema, "Nitakwenda. Lakini sijasema kwamba nitamruhusu mtoto."

Tuliondoka katika mwezi wa Machi, nao ni mwezi wa mvua kwetu. Wengine walitushangaa, maana kambi yenyewe ilikuwa ya Juni, wakati wa kiangazi. Lakini uwanja huonyesha tabia yake wakati wa mvua: hapo mtu huona maji yanapotuama, na kijito kinapopita, na njia ipi hugeuka tope. Uwanja uliokauka humdanganya mgeni.

Shauri la kwanza lilikuwa upande wa Geita, kwa sababu huko kuna vilima na misitu, na shule ya mwenzetu iko karibu. Mwenzetu huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kukataa. Alituambia, "Nchi yetu ina dhahabu, na kwa hiyo ina mashimo." Wachimbaji wadogo huchimba visima virefu, ambavyo wao huviita maduara, na mshipa wa dhahabu ukiisha, aghalabu shimo huachwa wazi. Majani huota pembeni, hata mtu apitaye usiku asione cho chote. Tena kuna habari ya maji. Wachimbaji wengi hutumia zebaki kuzikamata chembe za dhahabu, kisha huichoma. Moshi wake ni sumu, na masalio yake huweza kuingia katika vijito, wala sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha maji kama wadudu wa tumbo wanavyokufa. Kijito chaweza kuonekana safi kama kioo, na bado kisifae kupikia uji wa watoto. Haya hatuyasemi kwa kuidharau Geita, ambako ndugu zetu wengi hupata riziki. Twasema hivi tu: mgeni asiyejua mashimo yako wapi asipige hema mahali palipochimbwa.

Basi tukakubaliana ya kuwa kambi iwe karibu na Mwanza, mahali ambapo watu wa Shinyanga na watu wa Geita wote waweza kufika kwa gari la abiria. Tukaweka na sharti moja katika uchunguzi wetu. Mama yule angetangulia, nasi tungefuata nyuma. Yeye ndiye angeuliza njia, yeye ndiye angelipa nauli kwa mkono wake, nasi hatukuwa na ruhusa ya kumsaidia wala kumwonyesha. Maana mwalimu mwenye ramani katika simu yake hufika po pote; hilo halithibitishi neno lo lote. Mzazi aliyeitwa ghafula, asiyeujua mji, mwenye fedha ya nauli tu mkononi, yeye ndiye kipimo.

Tulipanda basi la kawaida asubuhi. Tukapita Maganzo, tukapita Hungumalwa na Misungwi, hata tukafika Usagara, njia panda ambapo barabara ya Geita hukutana na barabara ya Shinyanga. Kutoka hapo iko barabara iendayo Kisesa bila kuingia mjini, nayo ni nzuri kwa mwenye gari lake. Lakini sisi tulitaka njia ya mtu asiyekodi gari, kwa hiyo tukaendelea na basi mpaka stendi ya Nyegezi. Mwenzetu wa Geita alitukuta huko, naye alikuwa amevuka kwa kivuko cha Kigongo na Busisi, akalalamika kwa kungoja.

Siku ya kwanza tulitazama kisiwa cha Saanane. Kisiwa hiki kiko karibu kabisa na mji, mbele ya Capri Point; kilikuwa bustani ya wanyama tangu mwaka 1964, na tangu mwaka 2013 ni hifadhi ya taifa. Mashua huvuka kwa muda mfupi tu, na juu ya majabali yake mtu huona mji wote na maji yote. Watoto wangalifurahi mno kulala huko. Mama yule alisimama gatini akitazama mashua ikienda na kurudi, kisha akamwuliza kijana mmoja aliyekuwa hapo, "Na usiku, mtu akitaka kuvuka?" Kijana akajibu ya kuwa usiku wageni hawavuki hivi hivi, ila kwa shauri na wenye kisiwa. Mama akatugeukia, akasema, "Basi hapa tutawaleta mchana." Wala hapakuwa na ubishi. Neno lile lilitufungua macho: si lazima kulala karibu na kitu ili kukiona. Ziwa laweza kuonwa mchana, na usiku watoto wakalala karibu na barabara.

Tena ziko sababu nyingine za kutolala ukingoni mwa ziwa pamoja na watoto. Katika maji yaliyotulia yenye majani wamo konokono wadogo wanaochukua kichocho, na ugonjwa huo humwingia mtu kwa kupenya ngozi tu, ijapokuwa hakunywa maji hayo. Sehemu nyingine wako mamba na viboko. Mwalimu mmoja hawezi kuwalinda watoto thelathini wasiingie majini alfajiri, yeye naye akiwa amelala.

Siku ya pili tulikwenda Bujora. Mama alitoka mjini kati, akauliza mara mbili, akapanda daladala yenye maandishi ya Kisesa, katika barabara iendayo Musoma. Safari haizidi kilomita 20. Akashuka Kisesa, akauliza tena, na mtoto mdogo aliyechunga mbuzi akamwonyesha njia kwa fimbo. Akatembea chini ya nusu saa, akafika. Sisi tulikuwa nyuma yake hatua hamsini, na kwa kweli tulimwonea fahari.

Bujora ni mahali pa parokia na pa makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa na Padre David Clement, Mkanada, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka. Zipo ngoma za watemi wa zamani, zipo nyumba na vyombo vya kazi vya wazee wetu, na kanisa lake ni la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Hapo ndipo hufanyika Bulabo, sikukuu ya ngoma karibu na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambapo vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kwa kucheza. Mtu atakaye utulivu asiende siku hizo, maana watu ni wengi kama mchanga. Nafasi ya kupiga hema ipo, watu wa kuomba ruhusa wanajulikana, na majirani wamezoea wageni.

Lakini hatukusema upesi, "Hapa ndipo." Tulifanya majaribio matatu, nayo twayaandika hapa ili mwingine ayafanye po pote atakapokwenda.

Jaribio la kwanza lilikuwa la gari la mwisho. Msafiri wa kawaida huuliza gari la kwanza ni saa ngapi. Swali la kambi ni jingine: gari la mwisho ni saa ngapi, na baada yake kuna nini? Tuliwauliza makondakta watatu, tukapata majibu matatu. Kwa hiyo tuliketi kituoni Kisesa jioni nzima tukayahesabu magari kwa macho yetu, na la mwisho tuliloliona likielekea mjini lilipita baada ya saa tatu za usiku. Kisha tukawatafuta wenye magari madogo na bodaboda walalao pale pale Kisesa, tukachukua namba za simu za wawili, tukapatana nao bei ya safari ya usiku mpaka kituo cha afya hapo Kisesa, na bei ya kwenda mpaka hospitali ya Bugando mjini. Bei ya usiku ipatanwe mchana. Mtu mwenye mgonjwa mikononi hana nguvu za kupatana bei.

Jaribio la pili lilikuwa la gunia. Tulijaza mchanga wa uzito wa mtoto wa darasa la nne, tukaubeba mgongoni kwa zamu, toka uwanjani mpaka barabara kuu, usiku, kwa tochi moja. Njiani tulipumzika mara mbili. Tukasema, kama mtu aweza kumchukua mtoto mgongoni mpaka barabarani bila kupumzika zaidi ya mara mbili, umbali huo wafaa. Wengine watatuuliza, kwa nini tusipige hema kando ya barabara yenyewe? Tulikuwa tumepatazama mahali pa namna hiyo pia. Kelele za muziki hazikomi usiku, magari hupita kwa kasi, wapitaji ni wengi, na viatu vya watoto havitapatikana asubuhi. Barabara iwe karibu hata usikie mlio wa gari kwa mbali, lakini isiwe karibu hata taa zake zikuangaze hemani.

Jaribio la tatu lilikuwa la mizigo. Anayesafiri kwa daladala hana buti la kujaza kila kitu. Kondakta ana haki ya kukataa mzigo uzuiao abiria, na saa za asubuhi na jioni, watu waendapo kazini na warudipo, hakuna nafasi hata ya sufuria. Basi tukakata shauri: mahema sita yagawanywe, kila mtoto achukue kipande; sufuria kubwa ziazimwe huko huko; kuni na unga vinunuliwe Kisesa; na tusafiri saa nne za asubuhi, magari yanapokuwa matupu. Kitu ambacho hakichukuliki mapajani kibaki nyumbani. Hapo ndipo tulipogundua ya kuwa nusu ya vyombo vyetu vya kambi ya 2023 vilikuwa vya anasa, nasi tulivichukua kwa sababu tu ya gari la kukodi.

Jioni ile, tulipokuwa tukimwaga mchanga wetu, mama yule aliketi juu ya gunia tupu, akafuta vumbi miguuni. Mwenzetu wa Geita akamwuliza, "Mama, waonaje?" Akajibu, "Ufuko ule ulikuwa mzuri kuliko hapa." Tukanyamaza. Akaendelea, "Lakini hapa nimefika mwenyewe, na nimetumia nauli ya kawaida. Liandikeni jina la mtoto."

Kambi ilifanyika siku za mwisho za Juni 2025. Watoto 20 walitoka kwetu, na 11 walitoka Geita. Hao wa Geita walifika wakisimulia kwa majivuno, maana daraja la Kigongo na Busisi, ambalo urefu wake ni kilomita 3 hivi, lilikuwa limefunguliwa tarehe 19 ya mwezi ule ule, nao walikuwa wamelivuka kwa dakika chache, mahali ambapo mwalimu wao katika Machi alilalamika juu ya kivuko. Tukawaonyesha watoto jambo hili: daraja ni njia, na njia hubadili hesabu ya mahali. Uwanja uliokuwa mbali mwaka jana waweza kuwa karibu mwaka huu. Tena uliokuwa karibu waweza kuwa mbali, kama gari limeacha kupita. Kwa hiyo atakayesoma makala hii baada ya miaka michache asiende Bujora kwa sababu sisi tulikwenda. Na aende kwanza yeye, ahesabu magari upya.

Siku ya pili tuliwapeleka Capri Point, wakasimama mbele ya ziwa. Yule aliyeuliza habari za bomba alitazama muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, na lenyewe maji linayapata wapi?" Tukamweleza ya kuwa mto mkubwa uingiao ni Kagera, lakini sehemu kubwa ya maji yake ni mvua iangukayo juu ya ziwa lenyewe, na ya kuwa hutoka Jinja katika Uganda, yakawa mto Nile. Akauliza tena kama maji ya bomba letu ni ndugu ya maji ya Misri. Tulimwambia ndiyo. Jioni wote walikuwa wamerudi Bujora kwa daladala, wamechoka, kila mmoja akihesabiwa aliposhuka.

Jua lilipokuwa likichwa, tukiwa tumekwisha kuwasha moto, tuliona mtu akija kwa njia ya Kisesa akiwa na kifurushi kichwani. Alikuwa mama yule. Hatukumwita, wala hapakuwa na mgonjwa. Tulishtuka, tukasimama, tukidhani ameleta habari ya msiba. Binti yake alimwona, akakimbia, akampokea mzigo. Ndani yalikuwa matobolwa ya kuwatosha watoto wote. Tukamwamkia, tukamkaribisha kiti. Tukamwuliza, "Mayu, kuna nini? Mbona hukutupigia simu?"

Akaketi, akanyosha miguu karibu na moto.

"Hakuna neno," akasema. "Nilitaka kuona kama nitafika bila ninyi kunifuata nyuma."

Alilala katika hema la wasichana, na alfajiri akaenda zake kupanda gari la kwanza.